Mama Kizimba na Shahidi Aliyekufa Dirishani

Saa nne asubuhi, jua limeshafika kwenye meza ya dirishani, na watu wazima watatu wamesogeza vichwa pamoja kama wanaochungulia kisima. Wanatazama kichupa kimoja cha kioo, chembamba kama kalamu. Ndani mna maji yenye rangi. Rangi gani? Hapo ndipo kizungumkuti kinapoanzia.

"Chungwa," anasema mkuu wa maabara, mwanamume mrefu ambaye wote humwita Daktari. "Tena chungwa safi kabisa."

"Chungwa la wapi, Daktari?" anadakia mwenzao mnene anayejulikana kwa jina la Tochi. "Hiyo ni waridi iliyolala vibaya."

"Hebu kisogezeni kwenye mwanga."

"Kiko kwenye mwanga. Mwanga gani tena, wa peponi?"

Mwanamke aliyekishika kichupa anakikazia macho. Anakizungusha. Anakiinua, anakishusha, anaweka karatasi nyeupe nyuma yake, anaiondoa. Midomo yake inacheza kama ya mtu anayekariri namba ya simu. Mwishowe anatikisa kichwa.

"Mimi naona damu ya mzee kwa mbali," anasema. "Nikifumba jicho la kushoto naona chungwa. Nikifumba la kulia sijui naona nini. Jamani, nimechanganyikiwa."

Huyo ndiye Mama Kizimba. Ni mtaalamu wa kemia, mwaka wa sita sasa yuko kwenye meza hii, na jina lake la kwenye kitambulisho halitumiwi na mtu ila mlinzi wa getini. Kazi yake ni kuunda vizimba. Si vya kuku.

"Kuku angekuwa afadhali," anacheka, na kicheko chenyewe kinakatika katikati. "Kuku akitoka kizimbani unamwona, unamfukuza, unamrudisha. Huyu wangu akitoka humwoni. Na aliyeumizwa hajui kilichomuumiza."

Huyo "wake" ni madini yanayoitwa gadolini. Mambo haya husemwa kwa maneno makubwa, na mara nyingi husemwa hivyo makusudi, ili mwenye mwili asiulize. Hapa yatasemwa kwa maneno ya jikoni.

Mwili wa binadamu umejaa maji. Mashine ya MRI, ile ya sumaku ambayo mgonjwa huingizwa kama mkate tanurini, huyasikiliza maji hayo na kuyachora. Tatizo ni kwamba uvimbe na nyama nzima vyaweza kuchorwa kwa kijivu kilekile. Gadolini ikipita karibu, maji yaliyo jirani yake hushtuka, na mahali hapo pakang'aa kwenye picha. Ndiyo sababu mgonjwa huchomwa sindano. Wengi huiita dawa ya picha.

Lakini gadolini ikiwa uchi ni sumu. Huingia mwilini ikakalia viti vya kalisi, madini yanayojenga mifupa, na haibanduki kwa kuombwa. Kwa hiyo huvishwa molekuli yenye mikono inayoikumbatia pande zote, iingie, ifanye kazi yake, itoke na mkojo. Kumbatio hilo ndilo kizimba.

Mama Kizimba anaunda kizimba chenye taa. Tochi ndiye fundi wa taa. Ametengeneza rangi ya waridi ambayo ikipigwa mwanga wa namna fulani hurudisha mwanga wake wenyewe, na rangi hiyo wameining'iniza kwenye kizimba. Molekuli moja, kazi mbili. Sumaku iuone uvimbe ulipojificha kabla ya kisu, kisha mwili ukishafunguliwa, mwanga umwonyeshe daktari wa upasuaji mpaka wa uvimbe na nyama nzima, asikate kwa kubahatisha.

Wazo zuri. Ila taa haijining'inizi hewani. Kizimba kina mikono minne ya kukumbatia, na mmoja umepewa kazi ya kushika taa.

"Mwanamke ana mtoto mgongoni na ndoo kichwani," anaeleza Mama Kizimba. "Ukimkabidhi na taa, lazima ujiulize mkono upi utalegea. Kizimba kisicho na taa nimekipima, hakivuji. Chenye taa ndicho kinachoninyima usingizi."

Swali basi ni moja tu, na halina kona: kinavuja au hakivuji?

Kwa kawaida swali hilo hujibiwa na tone la kipimo ambacho maabara hii hukiita shahidi. Shahidi ni wa njano. Akikutana na gadolini iliyotoroka, hugeuka zambarau. Njano ni amani, zambarau ni hatari. Lakini njano ikitiwa ndani ya waridi ya Tochi hutoa kitu fulani, na zambarau kidogo ikitiwa ndani ya waridi hiyohiyo hutoa kitu kingine fulani, na vitu fulani hivyo viwili vinafanana kama mapacha waliokosana.

Mashine ya kupima rangi nayo ilishaulizwa. Ikatoa mchoro wa vilima vilivyolaliana. Daktari akasoma kilima hiki, Tochi akasoma kile, nusura washikane mashati.

Ndipo wakarudia desturi ya zamani ya chumba hiki: rangi huamuliwa dirishani. Taa za darini ni waongo, jua halina upendeleo. Kichupa hushikiliwa mbele ya kioo cha dirisha, na macho ya watu watatu yakikubaliana, basi. Leo hayakubaliani. Na saa tisa alasiri wanakuja wageni, wale wanaoamua kazi ipi iendelezwe hadi hospitalini na ipi imwagwe.

"Mnipe neno moja," anasema Daktari huku akitazama saa yake. "Kinavuja, hakivuji. Sitaki hadithi."

"Sijui," anasema Mama Kizimba.

"Neno 'sijui' halina mfadhili, mama."

Mama Kizimba anachomeka kichupa kwenye kishikilio chake palepale dirishani, anavua glavu, anatoka. Ana miadi na fundi wa mashine ya sumaku, jengo la pili.

Ushupavu huo wa kusema 'sijui' haukuanzia maabara. Ulianzia kwa shangazi.

Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na watu walisema anaweza kutunga uzi kwenye sindano akiwa amelala. Kisha figo zikaanza kumsumbua. Kisha kichwa. Akapelekwa kwenye mashine ya sumaku mara mbili mwaka mmoja, na mara zote mbili akachomwa dawa ya picha. Aliambiwa asijitikise. Hakuambiwa kingine.

Miezi ikapita, ngozi ya miguu ikaanza kukaza. Ikapanda. Ikafika mikononi. Vidole vikajikunja kama majani yaliyosahauliwa juani, na cherehani ikafunikwa kitambaa. Hadi leo hushika kikombe kwa viganja viwili, kama anayeomba dua.

Wenye kumbukumbu fupi watasema hayo yamepita. Wenye kumbukumbu ndefu wanaikumbuka siku mashine ya kwanza ya sumaku ilipofika hospitali hiyo alikopimwa shangazi: utepe ulikatwa, viti vya mbele vikajaa wakubwa, hotuba zikamiminika mpaka kipaza sauti kikachoka. Hakuna hotuba hata moja iliyoitaja sindano. Aina za zamani za dawa ya picha zilikuwa na vizimba legelege, na ilipokuja kubainika kwamba wenye figo dhaifu walikuwa wakikakamaa ngozi, aina hizo zikaondolewa rafuni. Vyema. Lakini waliokwisha kuchomwa, nani aliwafuata nyumbani akawaeleza? Chupa ziliitwa zirudi. Watu hawakuitwa.

Je, shangazi ni mmoja wao? Hapo ndipo penye ukungu. Ngozi hukakamaa kwa sababu nyingi, na hakuna aliyewahi kumwambia alichomwa aina gani. Mama Kizimba, mwenye shahada mbili na macho mekundu ya kusoma, hawezi kusema ndiyo wala siyo.

Kila Jumapili huenda kumwona, na kila Jumapili mazungumzo huanza vilevile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea jibu au umeniletea ndizi?"

"Ndizi, shangazi."

"Haya, weka hapo. Ndizi nazo zina faida zake."

Kwenye jengo la pili, fundi wa mashine ya sumaku anamlaki kwa utani wake wa siku zote. Yeye hulaza wagonjwa wa kweli tangu asubuhi hadi jioni, na vichupa vya Mama Kizimba huvipitisha foleni inapokatika mchana. Vichupa huwekwa ndani ya beseni la maji, beseni likasukumwa ndani kama mtu.

"Umeniletea wagonjwa wangapi leo?"

"Hakuna. Nimekuja kuuliza nafasi ya wiki ijayo."

"Pole, mimi wagonjwa wako nawapenda. Hawalii, hawaulizi watatoka saa ngapi, na hakuna shemeji yao anayenipigia simu kutoka wizarani."

Wanacheka. Anasubiri foleni ikatike, anapangiwa nafasi, anarudi polepole kupitia uwanja wa nyuma. Saa saba imeshapita.

Anasikia makofi kabla hajafungua mlango.

Ndani, Tochi anacheza. Mwanamume wa umri ule, tumbo lile, anacheza kati ya meza mbili za vioo. Daktari ana simu sikioni na tabasamu limemfika masikioni kotekote. Anakielekezea kidole kichupa cha dirishani.

Kichupa ni cha njano.

Si chungwa, si waridi, si damu ya mzee. Njano hafifu, kama maji yaliyolowekewa majani makavu. Macho yamekubaliana hatimaye.

"Hakivuji!" Tochi anamshika mabega. "Dada, kizimba chako hakivuji! Kilihitaji kutulia tu, basi. Wewe ulikuwa na haraka nacho."

"Nimeshawapigia wageni," anasema Daktari, akifunika simu kwa kiganja. "Nimewaambia neno moja. Hakivuji. Hongera sana, mama. Leo utazungumza wewe mwenyewe."

Mama Kizimba anakaribia dirisha. Kila mtu anashangilia ila aliyeshinda. Uso wake una sura ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta fanicha zote zimehamishwa upande wa pili na hakuna anayelitaja jambo hilo.

"Waridi imekwenda wapi?" anauliza.

"Waridi gani?"

"Yako, Tochi. Humu mlikuwa na waridi yako. Gadolini ingekaa kizimbani au ingetoka, waridi ingebaki. Iko wapi?"

Tochi anaacha kucheza.

"Labda..." anaanza, akikiinamia kichupa.

"Mama," anasema Daktari, sauti imeshuka, "usianze."

Haanzi. Anavaa glavu, anafungua kabati, anatoa chupa ya chumvi ya gadolini tupu, ile ambayo haijavishwa kitu. Kwa mrija mwembamba anachota tone, analidondosha ndani ya kichupa kile cha njano. Hii sasa ni sumu yenyewe, uchi wa mnyama, hata mtoto angetarajia zambarau ya kufa mtu.

Wanasubiri.

Njano.

Anatia tone la pili. Anatikisa. Anaweka karatasi nyeupe nyuma.

Njano ileile, tulivu, isiyo na habari na dunia.

Tochi ndiye anayeelewa wa kwanza, na anageuka kulitazama dirisha.

"Jua," anasema.

Jua. Desturi yao wenyewe ndiyo iliyowaponza. Rangi huamuliwa dirishani, lakini rangi haiachwi dirishani. Waridi ya Tochi huchujuka juani, jambo ambalo Tochi analijua kama anavyolijua jina lake, na ndiyo maana chupa zake zote amezivisha karatasi ya fedha, ile ya kufungia vyakula. Kilichowapita wote watatu ni kwamba ndani ya kichupa kile alikuwamo na shahidi. Kimeachwa kwenye jua kali la mchana, na jua halikuchagua. Limeua taa, limeua na shahidi. Hiyo njano si amani. Ni maiti.

"Tumemtoboa shahidi macho," anasema Mama Kizimba, "halafu tunamuuliza ameona nini. Na tukapiga makofi kwa jibu lake."

"Nani alikiacha pale?" anauliza Daktari.

"Mimi."

"Wewe!"

"Mimi. Na ninyi ndio mliokisoma."

Tochi anajaribu kuokoa hali kwa njia anayoijua. "Taa yangu imekufa, shahidi wako amekufa. Tumebaki na maji, jamani. Angalau maji hayavuji sumu."

Hakuna anayecheka.

Kinachofuata kinastahili kusimuliwa bila kupakwa sukari, maana hutokea katika vyumba vingi vyenye makoti meupe na huishia hapohapo, nyuma ya mlango. Daktari anafunga mlango. Anazungumza taratibu. Hakusema uongo, anasema, aliona njano na aliamini njano. Wageni wako njiani. Kichupa kipya kinaweza kutengenezwa wiki ijayo, wakapima kwa utulivu, na kama kuna tatizo litarekebishwa kimyakimya. Kwa leo, neno limeshatoka mdomoni.

"Basi wafuate uliowaambia, uwaambie hujui," anasema Mama Kizimba.

"Unajua watafanya nini? Watakupa mkono, watakupongeza kwa uaminifu wako, halafu meza hii watapewa wengine. Ndicho unachotaka?"

"Sijui ninachotaka, Daktari. Nimechanganyikiwa tangu saa nne. Lakini nisichotaka nakijua."

"Nini?"

"Sitaki mtu wa cherehani achomwe hiki kwa sababu sisi tulikuwa na wageni."

Daktari hajui habari za cherehani. Anamtazama kama aliyejibiwa kwa lugha ya ndege. Katika huo muda mfupi uliobaki wanatengeneza kichupa kipya, wanakifunika kwa karatasi ya fedha, wanakifunua kwa dakika moja tu dirishani. Chungwa, anasema mmoja. Waridi, anasema mwingine. Wamerudi walikoanzia, ila sasa hawana pumzi.

Saa tisa wageni wanaketi, wanne, kwenye chumba cha mikutano chenye feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Mama Kizimba anasimama. Ameshika vichupa viwili, cha njano na kisichoeleweka. Anavionyesha vyote.

"Hiki cha njano ndicho mlichoambiwa," anasema. "Ni kosa. Tulikiacha juani, kipimo kikafa. Nimekitia sumu kwa mkono wangu na bado kinasema hakuna sumu. Hiki cha pili ni kizima, lakini hatuwezi kukisoma. Kwa hiyo hatujui kama kizimba kinavuja."

Mgeni mmoja, bibi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, anainamisha kichwa.

"Hamjui kwamba hakivuji, au mnajua kwamba kinavuja?"

"Hatujui, mama."

"Mnadhani?"

"Tukidhani, tunadhani watatu, na kila mmoja na lake."

"Nikikushurutisha?"

"Nitadanganya."

Feni inazunguka. Daktari anatazama viatu vyake. Bibi wa miwani anaandika kitu, anakifuta, anauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: "Rangi ikiwashinda, kuna jicho jingine lolote?"

Na hapo, Mama Kizimba anasimulia baadaye, ndipo kichwa chake kilipofunguka kidogo, "kama dirisha lililokwama ukalipiga bega." Jicho jingine walikuwa nalo siku zote. Molekuli yao ina kazi mbili, wao wakang'ang'ania moja. Rangi imewashinda kwa sababu ya taa. Sumaku haijali taa wala waridi. Sumaku husikiliza maji tu.

"Ndiyo," akajibu. "Lipo. Ila linahitaji muda."

Hawakupongezwa, hawakufukuzwa. Waliambiwa warudi na jibu, liwe lolote, kabla meza haijatolewa uamuzi. Daktari alitoka chumbani bila kumsemesha, na siku mbili nzima alimwita kwa cheo chake kamili, jambo ambalo kwa mtu wa nidhamu yake ni tusi. Siku ya tatu alimkuta akifunika madirisha kwa makaratasi, akachukua gundi akamsaidia.

Sasa ni wiki iliyofuata, saa ya mchana, foleni imekatika. Fundi wa mashine ya sumaku anafungua mlango mzito.

"Wagonjwa wangapi?"

"Wanne. Mmoja mahututi makusudi."

Ndani ya beseni kuna vichupa vinne vilivyosimamishwa. Cha kwanza ni maji matupu. Cha pili ni kizimba chenye taa, hakijaguswa. Cha tatu ni kizimba kilekile, lakini kimetiwa wachokozi wawili wanaopatikana kwenye mwili wa kila mtu: zinki, inayovuta mlango wa kizimba, na fosfeti, inayomdaka anayetoka na kumgeuza tope jeupe. Gadolini ikishakuwa tope, maji hayashtuki tena, na picha hufifia siku hadi siku. Cha nne ni kizimba kibovu alichokiunda makusudi, legelege, kimetiwa wachokozi haohao.

"Kwa nini hicho kibovu?" anauliza fundi. "Unajua kitafifia."

"Ndiyo maana. Kisipofifia, nitajua macho yako yamekufa, hata ukiniletea picha nzuri namna gani."

"Macho yangu?"

"Ya mashine yako, basi. Usinune."

Hiyo ndiyo desturi mpya iliyozaliwa kutokana na aibu ya dirishani, na Tochi ameshaipa jina: kumwamkia shahidi. Kabla hujamuuliza kitu, mpe shikamoo kwanza, uone kama ataitikia. Tochi mwenyewe sasa hasomi kipimo chochote bila kichupa kibovu pembeni. Anasema ni adabu.

Siku hiyo ya kwanza vichupa vitatu vyenye gadolini viling'aa. Siku ya pili kibovu kilianza kufifia. Siku ya tatu kikafifia zaidi, na cha tatu, kile chenye swali, kiking'aa vilevile. Mama Kizimba alirudi mezani akiimba.

Sasa ni siku ya nne. Picha inatokea kwenye skrini, nayo anaitazama kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Fundi. Cha tatu kimefifia?"

"Kidogo. Au macho yangu."

"Na cha pili je? Kile ambacho hakina mchokozi?"

Fundi anasogea. "Hicho nacho... kidogo."

"Na maji matupu?"

"Ehe. Hayo nayo yamebadilika."

Wanatazamana. Maji matupu hayana cha kuvuja. Fundi anajikuna kisogo, kisha anatoa sauti ya mtu aliyekumbuka jiko aliloliacha linawaka.

"Nilibadilisha maji ya beseni asubuhi. Nikachota ya baridi."

Ubaridi nao hubadilisha picha. Mama Kizimba anacheka mpaka anafuta machozi, na si rahisi kusema ni machozi ya namna gani.

"Kesho maji ya uvuguvugu, kaka. Yaleyale kila siku. Tupime kwa kipimajoto, tusipime kwa kidole."

"Na leo tuandike nini?"

"Leo tuandike kwamba hatujui. Kesho tutauliza tena."

Jumapili anapanda ngazi za nyumba ya shangazi. Dirisha la barabarani liko wazi, cherehani iko chini ya kitambaa chake, na juu ya kitambaa kuna redio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeniletea jibu au umeniletea ndizi?"

"Ndizi. Na nimekuletea 'sijui'."

Shangazi anaweka kikombe chini kwa viganja vyote viwili. Anamtazama mtoto aliyemlea.

"Sijui ya kweli, au sijui ya kunifukuza?"

"Ya kweli. Sijui kama ilikuwa sindano ile, shangazi. Kuna namna ya kuuliza. Hukatwa kipande cha ngozi, kidogo kama punje ya dengu, kikatafutwa kama madini yamo. Miaka yote hii sikukwambia kwa sababu niliogopa jibu. Yakiwamo, tutajua. Yasipokuwamo, huenda bado tusijue."

Barabarani mtu anamfokea mtu kuhusu njia.

"Tangu vidole hivi vigome," anasema shangazi, "nimeambiwa ni baridi. Nimeambiwa ni uzee. Nimeambiwa ni kijicho cha majirani, na mmoja mwenye koti kama lako aliniambia ni mimi sinywi maji ya kutosha. Wote walijua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hajui."

Anapandisha kanga yake juu, anaunyoosha mkono uliokaza kama gome, anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, mtu anayemhurumia.

"Wachukue hiyo dengu yao. Alhamisi nina nafasi. Sasa kaa chini umenye ndizi, mimi siwezi."